Mwongozo Kamili wa Kutembelea Speicherstadt ya Hamburg: Panga Siku kwa Maji, si kwa Saa

Wageni wengi wanaorudi kutoka Hamburg huja na malalamiko yanayofanana kama mapacha. Walifika Speicherstadt saa sita mchana, wakasimama juu ya daraja walilolipenda kwenye picha, na chini yao wakakuta tope na ndege wakidonoa. Boti waliyoilipia iliwazungusha bandarini kutazama meli za makontena bila kuingia hata mfereji mmoja. Kwenye jumba la treni ndogo waliambiwa wasubiri kwa muda wa saa tatu. Jioni taa za maghala zilipowashwa, wao walikuwa wamekwisha kurudi hotelini.

Mji haukuwakosea. Waliipanga siku yao kwa saa ya mkononi, ilhali mtaa huu huendeshwa na maji yanayojaa na kupwa. Mtu aliyekulia Lamu, Tanga au Pemba analijua jambo hili tangu utotoni, kwamba mvuvi haulizi ni saa ngapi bali huuliza maji yamefikia wapi. Ajabu ni kwamba akishafika Ujerumani hulisahau, kwa kudhani kuwa mji ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka mdomo wa mto Elbe hauguswi na bahari. Unaguswa, tena kwa nguvu: kati ya kujaa na kupwa maji hutofautiana kwa zaidi ya mita 3.5.

Historia ndefu ya mahali hapa nimeiacha kwa makusudi. Itoshe kujua kwamba Speicherstadt, jina lenye maana ya mji wa maghala, ni safu ya maghala ya matofali mekundu yenye urefu wa takriban kilomita 1.5, yaliyojengwa juu ya nguzo za magogo kuanzia miaka ya 1880, na kukatwa na mifereji ambayo wenyeji huiita Fleet. UNESCO iliuingiza mtaa huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Hakuna lango wala kiingilio. Ni barabara na madaraja ya wazi, na hilo ndilo linalowafanya watu waamini kwamba hakuna cha kupanga.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jedwali la maji la siku utakayokwenda. Hutolewa bure mtandaoni na idara ya serikali ya Ujerumani ya bahari na ramani za bahari, ijulikanayo kwa kifupi kama BSH. Hiki ndicho kitu cha kwanza. Vingine vyote vinafuata.
- Tiketi ya siku nzima ya usafiri wa mji, yaani ya mtandao wa HVV. Tiketi hiyohiyo hutumika kwenye treni, mabasi na vivuko vya umma.
- Tiketi ya jumba la treni ndogo, Miniatur Wunderland, iliyokatwa mapema kwa saa maalumu, ikiwa unataka kuingia humo.
- Viatu vyenye soli nene isiyoteleza, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ni mawe yaliyopangwa, na mawe hayo yakilowa huwa kama yamepakwa sabuni.
- Koti la mvua lenye kofia. Mwavuli hausaidii sana, kwa sababu upepo unaopita kati ya maghala huupindua.
- Euro taslimu kidogo pamoja na sarafu, kwa ajili ya vyoo na vibanda vidogo.
- Muda wa saa zisizopungua sita. Mwenye saa mbili tu ataona ukuta mwekundu na kuondoka.

Nyakati nimeziandika kwa saa za Kiswahili, na katika mabano nimeweka namba utakayoikuta imeandikwa kwenye mbao za Ujerumani, kwa kuwa mkanganyiko wa 14:00 na saa nane umekwisha kuwakosesha watu boti. Kumbuka pia kwamba wakati wa kiangazi Hamburg iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na wakati wa baridi kwa saa mbili.

## Hatua ya 1: Soma jedwali la maji

Fungua jedwali la BSH na utafute kituo cha Hamburg, St. Pauli. Kila siku utaona nyakati zilizoandikwa kwa vifupisho viwili: HW, yaani Hochwasser, ni maji kujaa, NW, yaani Niedrigwasser, ni maji kupwa. Kama ilivyo Mombasa au Unguja, maji hujaa na kupwa karibu mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Kuna tofauti moja ambayo mtu wa pwani yetu hatakiwi kuipuuza. Hapa kujaa na kupwa havichukui muda sawa. Kwa sababu ya umbo la mto na mkondo wake unaoshuka kuelekea baharini, maji hupanda kwa muda wa saa tano hivi na kushuka kwa muda wa saa saba hivi. Mtu anayekadiria saa sita kwa sita, kama alivyozoea nyumbani, atakosea kwa karibu saa nzima.

Chukua mfano. Ikiwa maji yanajaa saa 8:00 mchana (14:00), basi yalikuwa yamekupwa karibu saa 3:00 asubuhi (09:00), na yatakupwa tena karibu saa 3:00 usiku (21:00). Kesho yake maji yatajaa karibu saa 8:50 mchana (14:50).

Sasa piga mstari chini ya kipindi kinachoanza saa mbili kabla ya maji kujaa na kumalizika saa mbili baada yake. Ndani ya kipindi hicho mifereji huwa imejaa vya kutosha kwa macho, kwa picha na, mara nyingi, kwa boti ndogo. Ukilazimika kuchagua kati ya kuwahi na kuchelewa, chelewa kidogo, kwa kuwa maji huondoka polepole kuliko yalivyokuja.

Tahadhari. Hakikisha jedwali lako limezingatia saa za kiangazi. Majedwali mengine hutumia saa za kawaida mwaka mzima, na usipoangalia utafika saa moja kabla. Pili, jedwali ni hesabu ya mwezi na jua, halijui upepo. Upepo mkali wa kaskazini-magharibi husukuma maji ya bahari ndani ya mto na kuyapandisha kupita kiwango kilichoandikwa, na upepo wa mashariki wa siku kadhaa huyaondoa. Angalia utabiri tena asubuhi ya safari.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi, au picha ndani ya simu, yenye nyakati za siku hiyo kwa saa za Kiswahili na za Kijerumani, na kipindi chako kimewekewa alama.

## Hatua ya 2: Linganisha maji na giza

Maghala huangaziwa taa kila jioni baada ya jua kuzama, na uzuri wa taa hizo unategemea maji, kwa kuwa nusu ya unachokiona ni kivuli chake ndani ya mfereji. Siku bora, kwa hiyo, ni ile ambayo maji yanajaa karibu na magharibi.

Hapo ndipo mwezi wa mwaka unapoingia. Mwezi wa Juni jua la Hamburg huzama karibu saa 3:50 usiku (21:50), na giza la kutosha huja baadaye zaidi. Mwenye watoto au mwenye treni ya kuwahi hawezi kungoja. Mwezi wa Desemba jua huzama karibu saa 10:00 alasiri (16:00), hivyo taa unazipata mapema, lakini baridi ni kali na mchana ni mfupi mno. Mimi hupendekeza mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, au Septemba na Oktoba, wakati giza linapoingia kwa saa ya kibinadamu.

Asiyeweza kuchagua siku asikate tamaa. Kanuni yake ni fupi: maji yakipwa, ingia ndani ya majumba, maji yakijaa, toka nje. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa siku ambayo maji yanajaa mchana au alasiri. Ikiwa kwako yanajaa asubuhi, anza na hatua ya 5 na ya 6, kisha umalizie ndani.

## Hatua ya 3: Kata tiketi za ndani kwa saa za maji kupwa

Miniatur Wunderland iko mtaa wa Kehrwieder, ndani ya maghala yenyewe, na tangu ilipofunguliwa mwaka 2001 imekuwa na foleni ambayo haijapungua. Ni reli za kuchezea zilizo kubwa kuliko zote duniani, pamoja na milima, miji na uwanja wa ndege ambao ndege zake hupaa. Maonyesho yamezidi ghala moja hadi yakavuka mfereji kwa daraja lililofunikwa na kuingia ghala la ng'ambo.

Kosa la kawaida ni kwenda mlangoni bila tiketi siku ya Jumamosi au wakati wa likizo za shule. Kosa la pili, ambalo ni baya zaidi kwa sababu mtu hulifanya akiamini amepanga vizuri, ni kukata tiketi ya saa nane mchana siku ambayo maji yanajaa saa nane mchana. Humo ndani utakaa saa tatu bila kujua, na ukitoka maji ya mifereji yatakuwa yamekwisha kushuka.

Weka jedwali lako mezani, kisha uchague nafasi iliyo nje ya kipindi ulichokiwekea alama. Nafasi za asubuhi sana na za usiku ndizo zenye nafuu. Ukipata barua ya uthibitisho yenye saa isiyogongana na maji, endelea.

## Hatua ya 4: Ingia kwa upande wa mashariki

Kutoka kituo kikuu cha treni, Hauptbahnhof, panda treni ya chini ya ardhi ya mstari wa U1 kwenye jukwaa la Hauptbahnhof Süd na ushuke kituo cha pili, Meßberg. Wengi huambiwa washuke Baumwall, kwa mstari wa U3, na si uongo. Ila Baumwall iko upande wa magharibi, karibu na Miniatur Wunderland, mahali ambapo umati wote humwagika. Ukianzia mashariki unakuwa na madaraja matulivu kwanza, na unamalizia kwenye umati ukiwa umekwisha kuona kilicho bora.

Usishuke Überseequartier kwa mara ya kwanza. Kituo hicho cha U4 kinakutoa katikati ya HafenCity, mtaa mpya wa vioo ulio kusini ya maghala, na nimewasikia watu wakisema Speicherstadt haina kitu cha kale hata kimoja, kumbe hawakuiona kabisa.

Vituo vya Hamburg havina mageti ya kukagua tiketi. Hilo lisikudanganye: wakaguzi hupanda bila sare, na faini ya asiye na tiketi ni euro 60.

Ukitoka Meßberg, kabla ya kuvuka maji, geuka utazame Chilehaus, jengo la ofisi lililokamilika mwaka 1924, ambalo kona yake ni kali kama omo ya jahazi. Nalo limo katika urithi huohuo wa dunia. Dakika tano zinatosha, kisha vuka daraja la miguu la Wandrahmsteg. Ukiona matofali mekundu pande zote mbili na maji katikati, umefika.

## Hatua ya 5: Tembea kutoka daraja hadi daraja

Njia yote ingeweza kukatwa kwa dakika 25. Ipe saa mbili.

Anza na daraja la Poggenmühlenbrücke. Simama katikati na utazame magharibi: mbele yako mifereji miwili inakutana, na kwenye ncha ya nchi kavu kati yake kuna nyumba ndogo yenye mnara, Wasserschloss, ambayo zamani ilikuwa makao ya mafundi wa winchi za maghala. Hii ndiyo picha iliyomo kwenye kila kalenda ya Hamburg. Asubuhi jua huwa mgongoni mwako na matofali huwaka. Alasiri jua huwa nyuma ya nyumba na utapata kivuli cheusi tu. Kama ratiba ya maji inakuleta hapa mchana, piga picha moja ya kumbukumbu na uahidi kurudi usiku.

Kutoka hapo fuata Holländischer Brook au Alter Wandrahm kuelekea magharibi, na ujifunze kusoma ghala, kwa sababu asiyejua kulisoma huchoka baada ya la tatu. Kila ghala lina nyuso mbili: mlango wa barabara na mlango wa maji. Tazama juu kabisa ya ukuta, chini ya paa. Utaona kijumba cha shaba iliyogeuka kijani kinachojitokeza nje. Ndani yake kuna winchi. Chini yake milango imepangwa mmoja juu ya mwingine, ghorofa kwa ghorofa, ili gunia linalonyanyuliwa kutoka kwenye tishari livutwe ndani kwenye ghorofa yoyote. Kuta nene ndizo zilizofanya joto na unyevu wa ndani usibadilike ghafla, na ndiyo sababu kahawa, chai, tumbaku, viungo na mazulia vilihifadhiwa hapa. Majengo yenyewe hutajwa kwa herufi: Block D, Block L, na kadhalika.

Anayejua makuli na wachukuzi wa forodhani atavutiwa na kundi lililokuwa likisimamia mizigo hii, Quartiersleute. Kwa desturi walishirikiana wanne wanne, wakapokea mali ya wafanyabiashara, wakaipima, wakachukua sampuli na kuitunza. Usisukume milango, hata ikiwa wazi. Nyingi ni za ofisi au za wauza mazulia ambao bado wanafanya kazi, na wenyewe hawapendi watalii wanaopanda ngazi kuangalia tu.

Ukifika daraja la Kornhausbrücke, simama tena. Upande wa mjini zilisimamishwa sanamu za mabaharia wawili, Christopher Columbus na Vasco da Gama. Kwa mgeni wa kawaida huyo wa pili ni jina la kitabuni. Kwa msomaji wa Kiswahili ni mtu aliyefika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498, na kumkuta hapa amewekwa kuwa nembo ya biashara ya mji wa kaskazini ni jambo linalomlazimisha mtu anyamaze kidogo. Mimi hukaa hapo zaidi kuliko kwenye Wasserschloss.

Kisha pita Bei St. Annen, ambapo kampuni ya bandari, HHLA, ina jengo lake lenye minara linalofanana na ukumbi wa mji, halafu Neuer Wandrahm, Brook, na hatimaye Kehrwieder.

Tahadhari. Usitembee mtaa wa Am Sandtorkai peke yake. Ni barabara ya magari. Ukiifuata moja kwa moja utaona upande mmoja tu wa maghala, na maji hutayaona kabisa. Kila unapoona daraja, panda, hata kama si njia yako. Pia usishuke kwenye ngazi za mawe zinazoingia mfereji: zina ukungu wa kijani unaoteleza, na maji yanayopanda hayapigi hodi.

Umefaulu ikiwa unaweza kumweleza mwenzako, bila kusoma popote, jinsi gunia lilivyotoka majini hadi ghorofa ya tano.

## Hatua ya 6: Panda boti iliyo sahihi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, basi soma polepole.

Kwanza, vivuko vya umma havipiti kwenye mifereji ya Speicherstadt. Kivuko namba 62 kutoka Landungsbrücken, yaani magati ya boti yaliyo magharibi ya maghala, kinachosifiwa sana kwa kuwa tiketi yako ya HVV inatosha, huelekea magharibi hadi Finkenwerder, mbali na maghala. Namba 72 hufika Elbphilharmonie, jumba la muziki lililo ncha ya magharibi, na huishia hapo. Ni safari nzuri, lakini si hii.

Pili, meli kubwa za utalii zenye sitaha mbili haziwezi kupita chini ya madaraja. Unachokitaka ni Barkasse, boti fupi, ya chini, ambayo paa lake karibu liguse daraja. Utazipata Landungsbrücken na kandokando ya mto karibu na kituo cha Baumwall.

Tatu, na hili ndilo kubwa, soma ubao wa bei mpaka chini. Ukiona neno *tideabhängig*, maana yake ni kwamba kuingia kwenye mifereji kunategemea maji. Boti haitakurudishia fedha kwa sababu maji yamekupwa. Itakuzungusha bandarini, na ubao ulikwisha kukuambia. Kabla ya kulipa uliza: *Fahren Sie jetzt durch die Speicherstadt?* Maana yake ni, je, sasa hivi mnapita Speicherstadt? Jibu unalolitaka ni *ja*, bila maelezo marefu baada yake. Ukisikia *vielleicht*, yaani labda, nenda boti ya jirani.

Usidhani kwamba kilele cha maji ndicho wakati bora kabisa. Maji yakipanda mno, hasa siku ya upepo, boti haipati nafasi ya kupita chini ya daraja, kama vile inavyokwama yakipwa. Ndiyo maana huwa nachagua boti inayoondoka saa moja hivi baada ya maji kujaa.

Safari huchukua muda wa saa moja hivi, na maelezo ya nahodha mara nyingi huwa ya Kijerumani. Kaa nje, nyuma, hata kama kuna baridi. Ndani vioo huwa na ukungu. Nahodha akisema *Köpfe runter*, inamisha kichwa.

Utajua umepanda sahihi pale boti itakapopunguza mwendo, kuta nyekundu zikakaribia pande zote mbili, na sauti ya injini ikaanza kurudi kutoka kwenye matofali.

## Hatua ya 7: Tumia maji kupwa kwa majumba ya ndani

Kama muda unakuruhusu jumba moja tu, chagua Speicherstadtmuseum, Am Sandtorkai 36. Ni dogo, limo ndani ya ghala halisi, na humo utaona magunia, mizani, vyombo vya kuchukulia sampuli na zana za Quartiersleute. Mambo uliyoyasoma ukutani katika hatua ya 5 hapa unayakuta yakiwa vitu.

Karibu nalo, mtaa huohuo, kuna jumba la viungo la Spicy's, ambako mgeni huruhusiwa kushika na kunusa. Mtu wa Unguja anaweza kujikuta amegeuka mwalimu wa kikundi kizima. Jumba la forodha, Deutsches Zollmuseum, liko Alter Wandrahm karibu na Kornhausbrücke. Linafaa zaidi kwa wanaopenda hadithi za magendo, na hufungwa Jumatatu. Jumba la bahari, Internationales Maritimes Museum, limo ndani ya Kaispeicher B, ghala la mwaka 1879 lililo kongwe kuliko Speicherstadt yenyewe. Lina ghorofa nyingi za meli na ramani; ukiingia humo usipange kitu kingine.

Kwa kikombe cha kahawa, kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa kilichopo Kehrwieder 5 hukaanga mbele ya macho ya wateja. Siku za Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, lakini majumba ya makumbusho na mikahawa huwa wazi, kwa hiyo Jumapili si siku mbaya.

Waislamu wapange sala mapema, hasa miezi ya baridi ambapo adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana kwa muda mfupi. Hakuna msikiti ndani ya mtaa wa maghala. Ulio rahisi kufikika ni Centrum-Moschee, mtaa wa Böckmannstraße, karibu na Hauptbahnhof; na barabara ya Steindamm iliyo jirani ina mikahawa mingi ya halali.

Anayebaki na nusu saa ya kungoja giza avuke kurudi mjini hadi Große Reichenstraße, kutazama Afrikahaus, jengo la mwaka 1899 la kampuni ya Woermann, ambayo utajiri wake ulitokana na biashara na Afrika. Lina sanamu za tembo uani. Mtu wa Dar es Salaam, mji ulio na udugu rasmi na Hamburg tangu 2010, ataondoka na maswali zaidi ya yale aliyokuja nayo.

## Hatua ya 8: Ngoja taa

Rudi Poggenmühlenbrücke jua linapozama. Dakika 20 hadi 40 baada ya hapo anga huwa la buluu nzito, bado halijawa jeusi, na taa huwa zimekwisha kuwaka. Huo ndio wakati wa picha. Asiye na stendi ya kamera aiegemeze simu kwenye ukingo wa daraja na kutumia kipima muda, ili kidole kisiitikise. Wapiga picha huwa wengi, nao hufika mapema, hivyo tafuta nafasi kabla ya magharibi.

Kama maji yamekupwa usiku huo, usiende kwenye daraja hilo kwa matumaini. Nenda madaraja ya Kibbelsteg, yaliyo juu zaidi, utazame taa zikipanda kwenye kuta, ambako maji hayahitajiki sana.

## Siku ya kuahirisha

Kuanzia vuli hadi mwanzo wa masika, dhoruba huweza kusukuma maji mengi mno kutoka bahari ya Kaskazini. Wajerumani huita hali hiyo *Sturmflut*. Speicherstadt iko nje ya boma kuu linaloulinda mji, kwa hiyo barabara zake za chini hufunikwa. Mafuriko ya Februari 1962 yaliua watu 315 Hamburg, na tangu hapo onyo la namna hii halichukuliwi kwa mzaha. Ukisikia neno hilo redioni au kwenye simu, usiende kupiga picha. Ukiwa umekwisha kuwa ndani ya mtaa, panda madaraja ya Kibbelsteg, ambayo yalijengwa juu hivyo kwa makusudi ili watu wapate njia ya kutoka, na uelekee mjini.

Siku nyingine zote, ukimaliza taa, tembea magharibi hadi Baumwall na upande U3. Reli ya hapo iko juu, si chini ya ardhi. Ukielekea Landungsbrücken, kaa upande wa kushoto. Mto utakuwa dirishani, na utaweza kuona kama maji yanaondoka au yanarudi.